HOMONI NA UGONJWA WA KISUKARI: KUTOKA KONGOSHO LA MBWA HADI SINDANO YA JUMA

Waganga wa kale wa India waliutambua ugonjwa wa kisukari kwa njia nyepesi: walitazama mahali alipokojoa mgonjwa. Sisimizi walipokusanyika hapo, ilifahamika kwamba mkojo ule una utamu na kwamba mwenyewe yumo hatarini. Karne nyingi zilipita kabla ya binadamu kuelewa utamu huo unatoka wapi. Na hata alipoelewa, ilimbidi angoje tena kabla ya kuwa na dawa ya kumpa mgonjwa. Leo dawa zipo, tena za aina nyingi, na zile zenye nguvu zaidi miongoni mwake ni homoni zenyewe za mwili au viigizo vyake vilivyotengenezwa maabarani. Swali lililobaki si la maabara peke yake. Ni je, dawa hizo zitamfikia mgonjwa anayeishi mbali na mji, asiye na umeme wala jokofu, na ambaye pato lake la mwezi halifikii bei ya dawa yake?

Swali hilo si dogo. Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, mwaka 2024 watu wazima wapatao milioni 589 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Katika kanda ya Afrika idadi yao ilikadiriwa kuwa milioni 25 hivi, na karibu robo tatu ya watu hao walikuwa hawajui kwamba wanaumwa.

Ghala na wasimamizi wake wawili

Ili kuelewa kazi ya dawa hizo, hapana budi kwanza kuelewa kazi ya sukari mwilini. Ugali, wali, muhogo, ndizi na viazi, vyote vina wanga. Wanga huo ukifika tumboni na kwenye utumbo huvunjwavunjwa hadi kuwa sukari nyepesi iitwayo glukosi, nayo hupenya na kuingia katika damu. Glukosi ndiyo kuni ya mwili: misuli huitumia kufanya kazi, na ubongo huitegemea usiku na mchana. Lakini kiasi kinachotakiwa kuwamo katika damu kwa wakati mmoja ni kidogo mno. Mtu mzima mwenye afya ana lita tano hivi za damu, na glukosi iliyomo katika damu hiyo yote, kabla hajala chochote asubuhi, haizidi sana kijiko kimoja cha chai. Ikipungua sana, mtu huzirai. Ikizidi kwa muda mrefu, mishipa ya damu huharibika.

Kazi ya kutunza kipimo hicho imekabidhiwa kongosho, kiungo kilaini kilicholala nyuma ya tumbo. Ndani ya kongosho mna visiwa vidogo vya seli, vilivyoelezwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1869. Baadhi ya seli za visiwa hivyo, ziitwazo seli za beta, hutoa homoni ya insulini. Nyingine, ziitwazo seli za alfa, hutoa homoni ya glukagoni. Homoni ni mjumbe wa kemikali: hutolewa na kiungo kimoja, husafiri kwa damu, na kutoa amri kwa viungo vilivyo mbali.

Mwili unaweza kufananishwa na nyumba ya mkulima yenye ghala moja na wasimamizi wawili. Baada ya mavuno, yaani baada ya mlo, insulini huamuru akiba iwekwe: huiambia misuli na mafuta ipokee glukosi kutoka katika damu, na huliambia ini liihifadhi. Wakati wa njaa, kama vile usiku mtu anapolala, glukagoni huamuru ini lifungue ghala na kuitoa akiba kidogo kidogo. Wasimamizi hao wawili wakielewana, kijiko kile cha sukari hakipungui wala hakizidi.

Ugonjwa wa kisukari ni kuvunjika kwa maelewano hayo, nao una sura mbili kubwa. Katika aina ya kwanza, ambayo aghalabu huwapata watoto na vijana, mfumo wa kinga wa mwili hukosea na kuziangamiza seli za beta, hata insulini ikakosekana kabisa au ikabaki chembe tu. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, insulini ipo, lakini misuli, mafuta na ini havisikii amri yake ipasavyo; kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na baada ya miaka huchoka.

Mgonjwa wa aina ya kwanza asiyepata insulini hufa, na hafi polepole. Sukari imejaa katika damu yake, lakini seli zake zina njaa. Mwili huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, na katika kufanya hivyo hutoa asidi ziitwazo ketoni, ambazo huitia damu sumu. Mgonjwa hushikwa na kiu isiyokatika, hukojoa mara kwa mara, hukonda, hutapika, hupumua kwa kasi, kisha hupoteza fahamu. Katika sehemu zetu hali hiyo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni malaria kali au homa nyingine, na wakati wa kumwokoa mtoto hupita. Mgonjwa wa aina ya pili huweza kuishi miaka mingi bila kujua, hadi macho yapoteze nguvu, figo zishindwe, kidonda cha mguu kikatae kupona, au moyo usimame ghafla.

Majira ya joto ya Toronto

Uhusiano wa kongosho na kisukari ulidhihirika mwaka 1889 mjini Strasbourg, pale Oskar Minkowski na Joseph von Mering walipomtoa mbwa kongosho lake na kuona kwamba alishikwa na kisukari. Tangu hapo wataalamu walifahamu kwamba kongosho lina kitu kinachotawala sukari. Walijaribu kukitoa kitu hicho kwa kusaga makongosho ya wanyama, lakini hawakufaulu. Mara nyingi vimeng'enya vya kusaga chakula, ambavyo pia hutoka katika kongosho, viliiharibu homoni kabla haijapatikana, au kilichopatikana kilikuwa na uchafu mwingi kiasi cha kumdhuru mgonjwa.

Mwaka 1921 daktari mpasuaji kijana, Frederick Banting, alipewa nafasi katika maabara ya Profesa J. J. R. Macleod, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Akisaidiwa na mwanafunzi Charles Best, alitumia majira ya joto ya mwaka ule kuwafanyia mbwa upasuaji na kukamua dawa kutoka katika makongosho yao. Mwishoni mwa mwaka alijiunga nao mkemia James Collip, ambaye kazi yake ilikuwa kuisafisha dawa ile.

Tarehe 11 Januari 1922 dawa hiyo ilidungwa kwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amelazwa katika Hospitali Kuu ya Toronto akiwa amebaki ngozi na mifupa. Uzito wake haukufika kilo 30. Wakati ule tiba pekee iliyojulikana ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula, ili afe kwa njaa polepole badala ya kufa kwa sukari upesi. Sindano ya kwanza haikusaidia sana, na mahali ilipodungwa palifanya jipu. Collip alirudi maabarani na kuisafisha dawa upya. Tarehe 23 Januari kijana alidungwa tena, na safari hii sukari ilishuka na nguvu zikaanza kurudi. Thompson aliishi miaka 13 zaidi.

Banting na Macleod walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1923, nao wakagawana fedha na Best na Collip. Hataza ya ugunduzi huo Banting, Best na Collip waliihamishia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja tu kila mmoja, kwa nia kwamba dawa hiyo isije ikawa mali ya wachache. Nia hiyo inafaa kukumbukwa, kwa maana karne moja baadaye insulini bado haiwafikii wagonjwa wote wanaoihitaji.

Kuisoma homoni na kuiandika upya

Kwa miaka sitini insulini ilitoka katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Iliokoa maisha, lakini haikuwa sawasawa na insulini ya binadamu. Tofauti hiyo ilikuja kueleweka kutokana na kazi ya Mwingereza Frederick Sanger wa Cambridge, ambaye katika miaka ya 1950 alikamilisha kuisoma insulini kama mtu asomavyo neno herufi kwa herufi. Aligundua kwamba ni protini ndogo yenye asidi amino 51, zilizopangwa katika minyororo miwili: mmoja wa 21 na mwingine wa 30. Ilikuwa protini ya kwanza kusomwa kwa ukamilifu, na ilimpatia Sanger Tuzo ya Nobel ya mwaka 1958. Ilionekana kwamba insulini ya nguruwe hutofautiana na ya binadamu kwa asidi amino moja tu, na ya ng'ombe kwa tatu. Mwaka 1969 Dorothy Hodgkin na wenzake wa Oxford walionyesha umbo lake, yaani jinsi minyororo hiyo inavyojikunja.

Aliyekwisha kulisoma neno anaweza kujaribu kuliandika. Mwaka 1978 wanasayansi wa kampuni ya Genentech na wa kituo cha City of Hope, huko California, walitengeneza jeni za insulini ya binadamu na kuzipandikiza ndani ya bakteria wadogo waishio katika utumbo, waitwao Escherichia coli. Bakteria hao, wakizaana ndani ya matangi, hufuata maagizo ya jeni ile na kutengeneza insulini ya binadamu. Mwaka 1982 insulini hiyo iliruhusiwa kuuzwa Marekani, nayo ikawa dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa ufundi huo wa kuhamisha jeni.

Baada ya kuliandika neno, wataalamu walianza kuzibadili herufi zake. Insulini ya kawaida ikidungwa chini ya ngozi ina tabia ya kukusanyika sita sita, nayo haiwezi kuingia katika damu upesi mpaka makundi hayo yaachane. Kwa sababu hiyo mgonjwa hulazimika kujidunga nusu saa kabla ya kula. Katika insulini ya lispro, iliyoanza kutumika mwaka 1996, asidi amino mbili zilizo karibu na mwisho wa mnyororo mrefu zilibadilishana nafasi. Kwa badiliko hilo dogo makundi huachana upesi, na mgonjwa huweza kujidunga anapokaribia kula. Insulini ya glargini, iliyoruhusiwa mwaka 2000, ilifanyiwa kinyume chake: ndani ya kichupa imeyeyuka, lakini ikifika chini ya ngozi hugandamana na kuwa punje ndogo zinazoyeyuka polepole muda wa siku nzima.

Fumbo la utumbo

Wakati insulini inafanyiwa marekebisho hayo, fumbo jingine lilikuwa likingoja jibu. Mwaka 1964 watafiti walilinganisha watu waliokunywa glukosi na watu waliotiwa glukosi moja kwa moja katika mshipa. Ilionekana kwamba glukosi iliyopita tumboni iliamsha insulini nyingi zaidi kuliko ile iliyotiwa mshipani. Maana yake ni kwamba utumbo hausagi chakula tu. Hupeleka pia habari kwa kongosho kwamba mlo umewasili, nalo kongosho hujitayarisha mapema.

Wajumbe wanaopeleka habari hiyo ni homoni za utumbo, na mbili miongoni mwake ndizo kubwa. Ya kwanza huitwa GIP, nayo ilitambuliwa katika miaka ya 1970. Ya pili huitwa GLP-1. Hiyo iligunduliwa katika miaka ya 1980 kwa njia ya mzunguko: watafiti walipoichunguza jeni ya glukagoni, waliona kwamba ndani yake mmefichwa maelezo ya homoni nyingine. Kazi ya Joel Habener na Svetlana Mojsov huko Boston, na ya Jens Juul Holst huko Copenhagen, ilionyesha kwamba kipande kimoja cha homoni hiyo huamsha insulini kwa nguvu kubwa.

GLP-1 ina sifa ambayo insulini ya sindano haina. Huliamsha kongosho litoe insulini pale tu sukari ya damu inapokuwa juu. Sukari ikishuka, amri hiyo hufifia yenyewe. Kwa hiyo hatari ya mgonjwa kuzirai kwa upungufu wa sukari ni ndogo. Tena, homoni hiyo huizuia glukagoni isifungue ghala bila sababu, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huuambia ubongo kwamba mtu ameshiba.

Hata hivyo homoni yenyewe haikufaa kuwa dawa. Mwilini mna kimeng'enya kinachoikata mara inapotokea, hata nusu yake hutoweka kwa muda wa dakika mbili hivi. Mgonjwa asingeweza kujidunga kila baada ya dakika chache. Ilitakiwa GLP-1 inayofanya kazi ile ile, lakini inayodumu.

Mjusi wa jangwani

Jibu la kwanza lilitoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Katika majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico huishi mjusi mkubwa mwenye sumu, aitwaye Gila, ambaye huweza kukaa miezi bila kula. Mwaka 1992 daktari John Eng, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya askari wastaafu huko Bronx, New York, alitangaza kwamba katika sumu ya mjusi huyo amepata kemikali iliyofanana na GLP-1 kwa nusu hivi ya asidi amino zake. Kemikali hiyo iliamuru kongosho kama GLP-1, lakini kimeng'enya cha binadamu hakikuweza kuikata kwa urahisi. Kutokana nayo ilitengenezwa dawa ya eksenatidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005 na kudungwa mara mbili kwa siku.

Jibu la pili lilitoka Denmark, katika kampuni ya Novo Nordisk, ambako Lotte Bjerre Knudsen na wenzake walichukua GLP-1 ya binadamu na kuifungia mkia wa asidi ya mafuta. Mkia huo hushikamana na albumini, protini iliyojaa katika damu. Homoni ikiwa imeng'ang'ania albumini, husafiri kama abiria ndani ya jahazi kubwa: vimeng'enya haviifikii upesi, na figo haziwezi kuichuja. Liraglutidi, iliyotengenezwa kwa njia hiyo, hudungwa mara moja kwa siku. Semaglutidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017, hudumu hata ikadungwa mara moja kwa juma. Mwaka 2022 ilifuata tirzepatidi, ambayo hufanya kazi ya homoni mbili za utumbo kwa pamoja, GLP-1 na GIP. Mwaka 2024 Habener, Mojsov na Knudsen walitunukiwa Tuzo ya Lasker kwa kazi yao.

Faida na mipaka

Faida ya dawa hizi imepimwa kwa majaribio makubwa. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2016, wagonjwa 9,340 wa aina ya pili waliokuwa katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo waligawanywa. Wengine walipewa liraglutidi na wengine sindano isiyo na dawa, wote wakiendelea na matibabu yao ya kawaida. Baada ya miaka ipatayo minne, waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa au kupatwa na shambulio la moyo au kiharusi walikuwa 13 katika kila 100 kwa waliopewa dawa, na 15 hivi katika kila 100 kwa wasiopewa. Jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2024 na kuhusisha wagonjwa 3,533 wenye kisukari na maradhi ya figo, lilionyesha kwamba semaglutidi ilipunguza kwa asilimia 24 hatari ya figo kushindwa na ya vifo vitokanavyo na figo au moyo. Habari hiyo ina uzito wa pekee katika nchi ambazo mashine za kusafisha damu ni chache.

Hata hivyo haifai dawa hizi zidhaniwe kuwa muujiza. Wengi wazitumiao hupata kichefuchefu, hutapika au huharisha, hasa mwanzoni. Wachache hupata mawe katika mfuko wa nyongo au uvimbe wa kongosho. Mtu akiziacha, mara nyingi uzito na sukari hupanda tena. Tena, na jambo hili lisisahauliwe, haziwezi kushika nafasi ya insulini kwa mgonjwa wa aina ya kwanza. GLP-1 hutoa amri kwa seli za beta. Seli hizo zikiwa zimekufa, hakuna wa kuitikia.

Sifa yake ya kupunguza uzito imezifanya zitafutwe hata na watu wasio na kisukari, na penye tamaa hapakosi mlaghai. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi ya bandia iliyopatikana katika nchi tatu. Mtu anayenunua sindano isiyojulikana asili yake huenda akajidunga insulini bila kujua, au maji machafu.

Mtungi, jokofu na bei

Katika Afrika ya Mashariki historia ya tiba ya kisukari ni historia ya insulini na gharama yake. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam uliwafuatilia wagonjwa 1,250 waliogunduliwa kati ya mwaka 1981 na 1987. Miongoni mwa waliohitaji insulini, wapatao 7 tu katika kila 10 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Mwaka 1992 watafiti wa mji huo huo walichapisha hesabu ya gharama: mgonjwa wa insulini alihitaji wastani wa dola 287 za Marekani kwa mwaka, na asiyehitaji insulini dola 103. Kiasi hicho cha kwanza kilizidi pato la wastani la mwananchi kwa mwaka mzima. Kichwa cha makala yao kiliuliza kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua katika Afrika. Kwa jinsi kilivyoulizwa, jibu la sayansi lilikuwa limekwisha kutolewa tangu mwaka 1922. Lililokosekana ni jibu la mfuko.

Kikwazo cha pili ni joto. Viwanda huagiza kwamba insulini isiyofunguliwa iwekwe katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi. Kwa familia isiyo na jokofu, agizo hilo lilimaanisha kwamba mtoto aende hospitali kila siku, mara mbili au zaidi, kudungwa. Ndivyo ilivyokuwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la ndani ya nyumba za kambi hiyo na kuona kwamba hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, waliiweka insulini maabarani katika joto linalobadilika namna hiyo hiyo, kisha wakaipima. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba baada ya majuma manne insulini ile ilikuwa na nguvu sawa na ile iliyowekwa kwenye ubaridi. Kwa ushahidi huo mgonjwa aliyefundishwa vizuri aweza kukaa na kichupa chake nyumbani na kujidunga mwenyewe.

Teknolojia ya kale nayo imepimwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha vyombo vya udongo vitumiwavyo katika nchi mbalimbali kupoza insulini, na ikaonekana kwamba vyote hushusha joto. Siri yake ni ile ile ya mtungi wa maji ya kunywa: maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Bara, penye hewa kavu, mtungi hupoza vizuri. Pwani, penye unyevu mwingi hewani, hupoza kidogo.

Upande wa siasa za afya pia una hatua zake. Insulini imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Mwezi Agosti 2022, mjini Lomé, nchi za Kanda ya Afrika za shirika hilo zilikubaliana juu ya mpango wa kupeleka matibabu ya maradhi sugu yaliyo makali, kisukari cha aina ya kwanza kikiwamo, hadi katika hospitali za wilaya. Mwezi Septemba 2025 semaglutidi, dulaglutidi, liraglutidi na tirzepatidi ziliingizwa katika orodha hiyo kwa ajili ya wagonjwa wa aina ya pili ambao wana pia maradhi ya moyo au figo pamoja na unene uliokithiri. Kuingia katika orodha hakushushi bei kwa siku moja. Lakini mwaka 2026 ndio mwaka ambao hataza kuu ya semaglutidi inafikia kikomo katika nchi kadhaa zenye viwanda vikubwa vya dawa, India na China zikiwamo, na viwanda vingi vikishindana bei huteremka.

Yaliyo njiani

Utafiti haujasimama. Mwaka 2024 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu insulini ya ikodeki, ambayo nayo imefungiwa mkia wa kuishikamanisha na albumini, na hudungwa mara moja kwa juma badala ya kila siku. Kwa mgonjwa wa aina ya pili hiyo ni sindano 52 kwa mwaka badala ya 365. Kwa mgonjwa wa aina ya kwanza inahitaji uangalifu zaidi, kwani majaribio yalionyesha kwamba sukari yake huweza kushuka kupita kiasi mara nyingi zaidi.

Hatua kubwa kuliko hiyo ni kurudisha seli zenyewe. Mwezi Juni 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio ambalo wagonjwa 12 wa aina ya kwanza walitiwa seli za visiwa zilizokuzwa maabarani kutokana na seli shina. Baada ya mwaka mmoja, 10 kati yao hawakuhitaji tena kujidunga insulini. Lakini wote hulazimika kunywa dawa za kuizuia kinga ya mwili isiziangamize seli hizo ngeni, na dawa za namna hiyo huufungulia mlango ugonjwa mwingine. Kwa hiyo tiba hiyo bado ni ya wachache walio na hali ngumu.

Wakati mambo hayo yakingojewa, kazi iliyo mikononi mwa kila jamii ni nyepesi na haihitaji mtambo mkubwa. Mtoto anayekunywa maji bila kukoma, anayekojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, na anayekonda ingawa anakula, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Tone moja la damu na dakika moja vyatosha. Mtu mzima aliyenenepa, au ambaye wazazi wake walikuwa na kisukari, apimwe hata kama hajisikii mgonjwa. Aliyekwisha kuandikiwa insulini asiiache kwa sababu amepata nafuu, wala asiibadilishe kwa dawa nyingine bila shauri la daktari. Leonard Thompson alikuwa na miaka 14 na alibakiza siku chache tu za kuishi alipodungwa. Kilichomwokoa ni dawa iliyofika kitandani kwake kwa wakati.